Majirani wafanye nini wanaposikia kipigo nyumba ya pili?

Ndugu, umeuliza kama majirani wakishirikiana kumsaidia mke anayepigwa wataonekana wanaingilia ndoa ya watu. Kwa maoni yangu, kipigo si siri ya ndoa. Lakini namna ya kuingilia ndiyo inayoweza kumwokoa au kumponza.

Nchini India, mwaka 2008, ilianzishwa kampeni ya Bell Bajao, yaani "piga kengele", iliyowahimiza watu wanaosikia ugomvi wapige kengele ya mlango na kuomba kitu kidogo tu, kwa kuwa anayempiga mkewe akijua anasikika mara nyingi husita. Nendeni wawili au watatu, msimtuhumu mtu mlangoni, na kama kuna silaha msisogee kabisa, bali iteni polisi.

Jambo zito zaidi hufanyika siku za utulivu. Mmoja wenu, anayeaminiwa na mama huyo, azungumze naye faraghani, wakubaliane neno au ishara ya kuomba msaada, nyumba atakayokimbilia na watoto usiku, na mahali pa kutunzia nakala za vitambulisho na akiba kidogo ya fedha. Asishinikizwe kuondoka, kwani kipindi cha kuachana ndicho chenye hatari kubwa kuliko vingine, na uamuzi ni wake. Akisema amewahi kukabwa koo, hiyo ni dalili ya hatari ya kuuawa, hata kama hana alama. Apelekwe hospitali haraka.

Vikao vya kuwapatanisha wakiwa pamoja (tunavipenda mno) viepukwe, maana atakayoyasema huko huenda akayalipia nyumbani.