Ukimfukuza hadi migombani, si kujilinda tena

Mmeuliza: "Mwizi akivunja mlango wako usiku, sheria inakutaka ukimbie au unaruhusiwa kumuua?"

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, haina kifungu kinachokuamuru ukimbie kwanza. Wala haisemi kwamba aliyevuka kizingiti chako damu yake ni halali. Habari za "simama hapo hapo, usirudi nyuma" ni za majimbo ya Marekani kama Florida, iliyopitisha sheria hiyo mwaka 2005. Hapa Moshi tunahukumiwa kwa vifungu vya 18 hadi 18C.

Kifungu cha 18A kinakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwenzako na kulinda mali. Cha 18B kinaweka kipimo: nguvu ya kiasi, inayohitajika kuzuia hatari iliyopo. Ukizidisha na mtu akafa, ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa kifungu cha 18C, kuua kunaweza kukubalika pale unapoamini kwa nia njema na kwa sababu za msingi kwamba ni lazima, na shambulio linakutia hofu ya kuuawa au kujeruhiwa vibaya, au ni la kubaka, kuteka, kuvunja nyumba usiku, unyang'anyi au kuchoma moto.

Watu huharibikiwa kwenye pigo la pili. Jamaa kaingia na panga, umempiga rungu mkononi, panga limeanguka, naye anakimbilia migombani. Hapo hatari imekwisha, na haki yako imekwisha nayo. Ukimfuata ukamkata kisogoni, daktari ataandika jeraha liko nyuma, na maelezo yako ya "alinivamia" yatagongana na maiti. Katika shauri la Enock Kipela, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo yanayoonyesha kama mtu alikusudia kuua: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya muuaji, na mwenendo wake kabla na baada. Kwa hiyo kelele za "leo tunakumaliza", ambazo majirani wote wamezisikia, zinaweza kurudi kukusulubu kizimbani.

Na ingawa hulazimiki kukimbia, kama ungeweza kujifungia chumbani na watoto na kupiga yowe, tegemea wakili wa Serikali akuulize kwa nini ulitoka nje. Uwe na jibu la kweli, kwa mfano mtoto alikuwa chumba cha pili.

Mwizi akishadhibitiwa, mfungeni na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Umati ukianza kuokota mawe na kutafuta tairi, hakuna tena mlinzi wa nyumba pale, kuna washtakiwa wa mauaji. Wazuieni, hata kama mwizi huyo mnamchukia kweli.

Baadaye piga 112. Usioshe panga wala kudeki sakafu. Kama umejeruhiwa, chukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, siku hiyo hiyo hata kwa mchubuko mdogo, maana mchubuko huo ndio unaoonyesha kwamba ulishambuliwa.

Msomaji, Moshi