Gasketi za kabureta ya Corolla KE70: usirudishe za zamani

Kama umesafisha kabureta na bado injini inatetemeka au inazima ukiachia mafuta, usikimbilie jeti (vijitundu vya kupitishia petroli). Gasketi, yaani karatasi ya kuziba maungio, ikishabanwa na kukauka haizibi tena, hewa inaingia chini ya kabureta na mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mwepesi, yaani petroli kidogo mno.

Nunua kit nzima, yaani pakiti ya gasketi za kabureta. Mara nyingi ina gasketi za modeli kadhaa, kwa hiyo laza mpya juu ya kuukuu uhakikishe kila tundu linalingana; tundu moja dogo likizibwa, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitatulia. Kile kipande kinene cheusi kati ya kabureta na manifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye silinda) kinataka gasketi pande zote mbili, na ile ya chini ndiyo husahaulika.

Ziba mdomo wa manifoldi kwa kitambaa kabla ya kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani. Silikoni usiguse kabisa: petroli huilainisha, vipande vikaingia kwenye vijitundu. Kaza nati kidogo kidogo kwa mshazari, maana ukilazimisha upande mmoja kitako cha kabureta kinapinda, na hapo hata gasketi mpya itavujisha. Pima kitako hicho kwa rula iliyonyooka.