Umeacha Sigara, Sasa Mdomo Hautulii

Wanaoacha sigara wengi hujiandaa kwa hasira, kukosa usingizi na ile arosto ya siku za mwanzo. Njaa huwa haimo kwenye hesabu. Mimi nilijua mwili utadai nikotini; kwamba utadai biskuti hakuna aliyeniambia. Umekula, umeshiba, vyombo vimeshatolewa, halafu unajikuta umesimama mbele ya jokofu, mlango wazi, unatafuta kitu ambacho hata wewe mwenyewe hukijui.

Kwanza tuondoe aibu, maana wengi hudhani wamegeuka walafi. Nikotini hupunguza hamu ya kula kwa kuziamsha seli za ubongo zinazotoa taarifa ya shibe, na huufanya mwili uchome nishati zaidi hata ukiwa umekaa tu. Ukiiacha, vyote viwili vinaondoka kwa mkupuo mmoja. Tena ladha na harufu huanza kurudi siku hizohizo, na chakula ulichokuwa unakila kwa mazoea kinakuwa kitamu ghafla. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa walioacha bila msaada wa dawa waliongezeka wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, nyingi zikiingia miezi mitatu ya mwanzo. Katika tafiti hizohizo, takriban mtu 1 kati ya 6 alipungua. Kwa hiyo kunenepa si lazima, ila usishangae suruali ikibana.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kuanza dayati siku ileile wanayotupa pakiti. Ushauri wangu ni usifanye hivyo. Siku za mwanzo una kazi moja tu, nayo ni kutovuta. Ukiongeza ya pili, siku utakayoishindwa hiyo ya pili utajiambia "basi yote yameharibika", na kiberiti hakiko mbali.

Kuhusu utashi wenyewe kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu waliwekewa mezani biskuti za chokoleti pamoja na figili. Walioamriwa kula figili tu, huku harufu ya biskuti ikiwapiga puani, walikata tamaa mapema zaidi walipopewa mafumbo yasiyo na jibu. Ikasemwa utashi huisha kadiri unavyoutumia. Mwaka 2016 maabara zaidi ya 20 zililipima wazo hilo upya kwa jaribio la aina nyingine, zikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, na hazikuona tofauti ya maana. Wataalamu wanaendelea kuvutana. Mimi sikusubiri wamalize. Niliamua tu kupanga mambo ili huo utashi niuhitaji mara chache. Kilichokuwa kinanishinda hakikuingia ndani ya nyumba. Nikikitaka sana, nivae viatu nikakifuate, na mara nyingi uvivu ulinisaidia kuliko nia.

Jambo lililonichukua muda kuling'amua ni hili: sigara ilikuwa nukta ya mwisho wa mlo. Ukishaivuta, mlo umekwisha. Ilipoondoka, mlo wangu ukawa hauna mwisho. Naongeza kijiko, naramba sufuria, natafuta kitu kitamu, nacho kinataka kitu cha chumvi. Kujikaza hakukufua dafu. Kilichosaidia ni kupiga mswaki papo hapo, kabla hata ya kukaa. Dawa ya meno hukiharibia ladha chochote kinachofuata, na mdomo unaelewa kwamba shughuli imefungwa. Baada ya hapo natoka nje kutembea kidogo, kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Matembezi hata ya dakika chache hupunguza hamu ya sigara, na hamu yenyewe kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, kwa hiyo ukirudi unakuta imepungua nguvu.

Halafu kuna mikono. Mvutaji huinua mkono kwenda mdomoni mara nyingi mno kwa siku, na mkono haujui kwamba umeacha. Pipi hazifai kwa hilo, zinaisha haraka na unafungua nyingine. Mimi nilihamia kwenye karanga zenye maganda. Unavunja ganda, unatoa punje, unaisugua ngozi yake nyembamba kwa vidole, unaipuliza, ndipo unakula. Punje mbili kwa kazi yote hiyo! Bakuli dogo linaweza kukumalizia jioni nzima, na maganda yaliyorundikana mbele yako yanakuonyesha kiasi ulichokula. Chungwa nalo ni zuri ukilimenya kwa mkono, maana harufu hubaki vidoleni pale palipozoea kunuka tumbaku. Mwingine atapenda kijiti cha meno au karoti mbichi. Si neno, mradi kazi ya mikono iwe nyingi kuliko chakula.

Usiruke mlo. Dalili za njaa na za kukosa nikotini zinafanana kupita kiasi: hasira za bure, kutotulia, kushindwa kuzingatia jambo. Ukikaa na njaa hutajua ni ipi inakusumbua, na sigara ndiyo jibu ambalo kichwa kinalikumbuka haraka. Kula kwa saa zako, pamoja na kitu kinachokaa tumboni kama yai, maharage au mtindi. Kabla ya kula nje ya saa hizo nilikuwa najiuliza kama ningekubali chakula cha kawaida kabisa, kisicho na utamu wowote. Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni njaa ya kweli, nakula. Likiwa "hapana, nataka kitu fulani", nakunywa maji na kungoja.

Kahawa nayo iangalie. Moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje kafeini haraka, kwa hiyo ukiacha, kikombe kilekile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, usingizi haupatikani, unadhani ni arosto, unaanza kutafuna. Punguza hadi nusu uone. Pombe sina la kusema, ila hufungua milango yote miwili, wa sigara na wa chakula, kwa pamoja.

Kama hofu ya kunenepa ndiyo inayokurudisha kwenye sigara, mwone daktari. Chingamu na vibandiko vya nikotini, pamoja na dawa ya bupropioni, huweza kuchelewesha ongezeko la uzito wakati unavitumia, ingawa bupropioni haimfai mwenye kifafa. Na utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2018 ulikuta kuwa walionenepa baada ya kuacha waliongezewa hatari ya kisukari kwa muda, lakini faida ya kupunguza vifo, vikiwemo vya moyo, haikupotea.

Uzito nilikuja kuushughulikia baadaye, miezi ikiwa imepita na mlo ukiwa umejifunza kuisha wenyewe. Nilianza na sukari kwenye chai. Mwanzoni ilikuwa chungu kweli.