Tazama inachokubali kupoteza

Wiki yangu ya kwanza kwenye kampuni ya mtandaoni nilipewa kompyuta, kitambulisho cha kuvaa shingoni na kazi ya kurekebisha kitufe kimoja kwenye ukurasa wa mipangilio. Nilihangaika nacho siku nne. Nilipomaliza, meneja wangu alikibonyeza mara mbili tatu, akanishukuru, kisha akaniambia kwamba ukurasa wote ule unaondolewa mwezi ujao. Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Wewe unayeanza, hilo litakupata pia. Wageni wengi hulichukulia kama dharau. Ukikaa kidogo utaona ndiyo hali ya kawaida: kampuni hizi hubomoa vyumba huku watu wamelala ndani. Kilichonichukua miaka kujifunza ni kutofautisha kampuni inayobadilika kweli na ile inayopaka rangi tu. Zamani nilikuwa nafuatilia uzinduzi: jukwaa, taa, bosi kavaa fulana. Siku hizi najiuliza swali moja: hawa wamekubali kupoteza nini ili hicho kipya kiishi?

Netflix ndio mfano ninaoupenda, kwa sababu walivurunda mbele za watu. Kampuni ilianzishwa mwaka 1997 na Reed Hastings na Marc Randolph, ikawa inakodisha filamu kwenye diski za DVD zinazotumwa kwa posta. Mwaka 2007 ikaanza kuwaonyesha wateja filamu kupitia intaneti. Wakati huo diski ndizo zilizokuwa zikilipa mishahara, na intaneti ya majumbani kwa wengi ilikuwa ya kusuasua. Mwaka 2011 wakazitenganisha huduma hizo mbili, na aliyetaka zote akajikuta analipa takriban asilimia 60 zaidi. Septemba mwaka huohuo wakatangaza kwamba diski zitahamishiwa kwenye huduma nyingine iitwayo Qwikster. Wateja waliwaka. Robo ile ya mwaka ilipofungwa, wateja wapatao 800,000 wa Marekani walikuwa wameondoka, na Qwikster ikafutwa kabla haijaanza, hata mwezi haujatimia tangu itangazwe.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Mimi naona jambo jingine ndani yake. Walikosea jina, walikosea bei, walikosea namna ya kuzungumza na watu, lakini lile la msingi hawakulirudia nyuma: diski zitakufa, na wao wenyewe ndio watakaozizika. Diski ya mwisho waliituma tarehe 29 Septemba 2023. Piga hesabu: miaka 16 tangu waanze kuonyesha filamu mtandaoni. Kwenye mikutano nimeshasikia mtu akiua wazo jipya kwa kusema usiache mbachao kwa msala upitao, na chumba kizima kikaitikia kwa kichwa. Netflix waliukalia mbachao wao miaka 16 huku wakisuka msala mpya kwa fedha iliyotoka kwenye mbachao huohuo. Walichoacha mapema ni kuushona viraka.

Kupoteza si lazima kuwe kufunga kitu. Amazon, iliyoanza kuuza vitabu mwaka 1995, ilipofika mwaka 2000 iliwaruhusu wauzaji wa nje kuweka bidhaa zao kwenye ukurasa uleule wa bidhaa za Amazon yenyewe. Hebu fikiria wewe ndiye uliyeajiriwa kuichagulia kampuni vitabu vya kuuza. Asubuhi unakuta mtu usiyemjua anauza kitabu kilekile, kilichokwisha kusomwa, kwa bei ya chini, ubavuni mwa chako, na aliyemfungulia mlango ni bosi wako. Tencent ya China nayo ilikuwa na QQ, huduma ya ujumbe iliyotawala kompyuta za nchi nzima. Januari 2011 ikatoa WeChat, kazi ya timu ya Allen Zhang, mtu wa barua pepe, kule Guangzhou, nje kabisa ya makao makuu ya Shenzhen. Kampuni ikajinyang'anya wateja yenyewe, kabla hajatokea mwingine wa kuwachukua.

Sasa nikupeleke kwenye chumba ninachokijua mwenyewe. Mahali fulani nilipofanya kazi tulikuwa na grafu ya kila Jumatatu. Mstari wa buluu ulikuwa wateja wa kompyuta, wa machungwa wateja wa simu. Miezi mingi tuliitazama mistari ile ikikaribiana, kama watu wanaotazama wingu la mvua huku nguo zao ziko kwenye kamba. Jumatatu mistari hiyo ilipokutana, mkuu wa kitengo aliuliza ni nani kati yetu amelipia chochote kwenye huduma yetu kwa kutumia simu wiki ile. Tulikuwa watu 11. Ulinyanyuka mkono mmoja, wa kijana aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Akaweka simu yake katikati ya meza akatuonyesha: ukigusa sehemu ya kuandika namba ya kadi, kibodi inapanda na kukifunika kitufe cha kulipia. Unamaliza kuandika, huoni pa kubonyeza.

Kulirekebisha kulichukua mchana mmoja. Lakini kosa lilikuwa pale muda mrefu, na wateja waliolalamika walikuwa wakijibiwa kwa upole kwamba wajaribu kwenye kompyuta. Hatukuwa wajinga, wala hatukuwa wavivu. Bonasi ya kila timu ilipimwa kwa mauzo ya kurasa za kompyuta, basi kila mtu aling'arisha kurasa za kompyuta. Kwa hiyo nakuomba, katika mwezi wako wa kwanza, ulizia taratibu timu yako inapimwa kwa kipi, na timu ya jirani kwa kipi. Majibu hayo yatakueleza mengi ambayo hotuba ya kukukaribisha haikuyagusa. Kampuni ikitangaza kwamba sasa inahamia kwenye jambo jipya, na vipimo vikabaki vilevile, hakuna aliyehama.

Ugonjwa wetu mdogo ulikuwa wa wakubwa pia. Facebook ilipoingia kwenye soko la hisa Mei 2012, nyaraka zake zenyewe zilikiri kwamba haipati mapato ya maana kutoka kwenye simu, ilhali watu walikuwa wanahamia huko kwa mamilioni. Hisa iliyoanza kuuzwa kwa dola 38 ilikuwa chini ya dola 18 ilipofika Septemba. Programu yao ya iPhone, iliyokuwa imejengwa kwa teknolojia ya kurasa za wavuti na ikilalamikiwa kwa uzito, waliiandika upya, toleo jipya likatoka Agosti mwaka huo. Robo ya mwisho ya mwaka 2013, zaidi ya nusu ya mapato yao ya matangazo yalitoka kwenye simu. Hapo kuna somo la bure ambalo wageni wachache hulichukua: kama kampuni yako imeorodheshwa sokoni, soma ripoti yake ya mwaka, hasa sehemu inayoeleza hatari na ile inayogawa mapato kwa aina. Inachosha kweli. Lakini ndipo mahali pekee ambapo wanasheria wameilazimisha kampuni iongee bila taa za jukwaani.

(Na kama utabahatika kufika Menlo Park, kule California, zunguka nyuma ya lile bango kubwa la kuingilia ofisi za Facebook, ambayo sasa kampuni yake inaitwa Meta. Utakuta jina la Sun Microsystems, kampuni ya kompyuta, waliokuwa wenye eneo kabla yao. Bango liligeuzwa tu, upande wa nyuma ukaachwa makusudi. Sun ilikuwa jitu la enzi yake, ikaishia kununuliwa na Oracle mwaka 2010.)

Yahoo ni mfano wa upande wa pili, na nautaja kwa sababu wengi hudhani ilikufa kwa kukosa mapya. Mapya ilikuwa nayo tele, na mengine iliyanunua, kama Flickr, tovuti ya kuwekea picha, mwaka 2005. Mwanzoni mwa 2000 thamani yake sokoni ilipita dola bilioni 125. Mwaka huohuo iliamua kwamba majibu ya utafutaji kwenye ukurasa wake yatoke Google, na ikaendelea hivyo hadi 2004. Yaani kila siku iliwaonyesha wageni wake kwamba kuna mahali pengine panapotafuta vizuri zaidi. Mwaka 2008 ilikataa ofa ya Microsoft ya takriban dola bilioni 44.6, na mwaka 2017 biashara yake kuu ilinunuliwa na Verizon, kampuni ya simu, kwa kama dola bilioni 4.5. Kwa macho yangu, Yahoo ilikubali kila kitu isipokuwa kupungua. Ukurasa wake wa mbele ulitaka kuwa gazeti, soko, posta na uwanja wa michezo kwa pamoja, na hakuna kitengo kilichoambiwa kikae pembeni.

Jina jipya lisikushughulishe sana. Google ilijiweka chini ya Alphabet mwaka 2015, Facebook ikawa Meta mwaka 2021, na baada ya yote hayo matangazo ndiyo yaliyoendelea kuzilisha zote mbili.

Kuhusu kazi za ndani ya kampuni, zile ambazo mteja hazioni, hapa naomba unisikilize hata kama mengine utayasahau. Wageni hugombea kuwekwa kwenye bidhaa inayoonekana, ile ambayo ukimwonyesha mama yako ataielewa. Ukipangiwa zana zinazotumiwa na wafanyakazi wenyewe unahisi umetupwa stoo. Stewart Butterfield na wenzake walikuwa wanatengeneza mchezo wa mtandaoni ulioitwa Glitch. Mchezo haukupata watu wa kutosha, wakaufunga mwishoni mwa 2012. Walichobaki nacho ni kile walichojitengenezea wenyewe ili kuwasiliana wakiwa miji tofauti, kitu ambacho hawakuwahi kukiwaza kama bidhaa. Wakakisafisha, wakakiita Slack, na mwaka 2021 Salesforce ikakinunua kwa dola bilioni 27.7. Amazon nayo iliona timu zake zinapoteza muda mwingi, kila moja ikijijengea upya mabomba yaleyale ya kuhifadhi data na kuendesha seva. Kutokana na uzoefu wa kuyapanga hayo, mwaka 2006 ilianza kuwauzia watu wa nje: huduma ya kuhifadhi data mwezi Machi, ya kukodisha seva mwezi Agosti. Wengi wanaoijua Amazon kama duka hawajui kwamba baadaye mabomba hayo ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya faida yake. Kwa hiyo ukiwekwa stoo, angalia vizuri kilichomo.

Nisikufiche na upande mchungu. Wakati mwingine kinachokubaliwa kupotea ni wewe. Novemba 2022 Meta iliwaachisha kazi watu zaidi ya 11,000, karibu asilimia 13 ya wafanyakazi wake, na wengi wao walikuwa hodari. Mimi yalinipata kwenye kampuni nyingine, ndogo zaidi: kitengo kilifungwa tukiwa na wiki mbili tu za taarifa. Kilichonisaidia ni daftari. Tangu kile kitufe cha kwanza nilikuwa naandika kila Ijumaa nilichofanya wiki hiyo, kilichoharibika, na tulikitengenezaje. Nilipoanza kutafuta kazi sikuwa na bidhaa ya kumwonyesha mtu, zote zilishafutwa, lakini nilikuwa na visa vyenye tarehe.

Kazi ya mwisho waliyonipa pale ilikuwa kuizima huduma yenyewe. Tuliwaandikia wateja, tukawapa siku 60 za kupakua mafaili yao, tukazima seva moja baada ya nyingine tukiweka alama kwenye orodha. Saa tisa usiku simu yangu ikalia: malipo ya bidhaa nyingine kabisa yamegoma. Kumbe seva moja kati ya zile ilikuwa na programu ndogo, iliyoandikwa na mtu aliyeondoka zamani, ambayo kila usiku ilileta viwango vipya vya kubadilishia fedha kwa ajili ya kampuni nzima. Hakuna aliyejua. Niliiwasha tena nikiwa kitandani, nikaifuta ile alama kwenye orodha, nikaandika kando yake: "Hii iachwe kwanza." Miaka miwili baadaye nilikutana na mwenzangu aliyebaki kule, nikamuulizia ile seva. Akasema ipo, na hiyo "kwanza" yangu bado hakuna aliyethubutu kuigusa.