Mlima usio na theluji

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeisoma, mimi na mama yako. Unauliza: Einstein, yule mwanafizikia, akiwa na miaka 16 alijiwazia akiukimbiza mwale wa nuru, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Je, ana tofauti gani na mtunzi wa hadithi?

Mimi wananisumbua zaidi wale wanaokataa kuwaza. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya mlima wetu, Kilimanjaro. Akamuuliza mwenyeji aliyemwongoza, akajibiwa: baridi. Alipoandika kuwa ni theluji, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London, akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Alidhani anailinda sayansi, kumbe ameshindwa kuwaza tu. Nimekwambia tangu utotoni, macho hufuata wazo.

Ingawa hapo utanibana, na ni haki yako: Rebmann hakuwaza, aliona, tena theluji aliijua tangu kwao Ujerumani. Sawa. Lakini yule wa London je, alizuiwa na nini kumsadiki?

Nasema hivi kwa sababu ya ule mchoro wako. Ulikuwa darasa la pili, umekaa kwenye ngazi ya jikoni, vidole vyeusi kwa mkaa. Umechora mlima, mweusi hadi kileleni. Nikauliza theluji iko wapi. Ukasema, "Imeisha, baba." Nikakukemea usichore uongo, nikachukua chaki nikaupaka weupe kwa mkono wangu. Hukulia. Uliiacha karatasi pale pale ukaenda zako migombani. Miaka ikapita, nikasoma kwamba kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85. Sikulala vizuri usiku ule. Kwa mchoro ule mtoto alikuwa ameuliza "ikiisha itakuwaje?", nami nikamfunga mdomo kwa chaki.

Natamani sana kukwambia kwamba mwanafizikia na mtunzi wanafanya kazi moja. Lakini mwanafizikia akishawaza hana budi kuurudia mlima, aupime, akubali kukanushwa. Mtunzi hubaki na mlima wake mweusi, akaweka watu chini yake, tukaona watakavyoishi. Hiyo nayo si elimu? Kwangu ni elimu. Mama yako anasema nisikuamulie, maana swali ni lako. Haya, naacha, kwa shingo upande.

Mchoro ninao bado. Krismasi ukija nitakupa. Chaki imepukutika karibu yote.

Baba yako