Re: Mchezaji anaweza kuja kuwa daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo?

Mkuu, umeuliza kama kijana akicheza hadi ngazi ya kulipwa bado anaweza kuwa bingwa wa upasuaji wa mgongo. Anaweza, ila apige hesabu ya miaka mapema.

Mtazame Myron Rolle wa Marekani. Pale chuo kikuu cha Florida State alimaliza shahada ya kwanza kwa miaka 2 na nusu huku akicheza futiboli ya Kimarekani. Msimu wa 2009 akauacha, akaenda Oxford kwa ufadhili wa masomo wa Rhodes. Tennessee Titans, timu ya ligi ya kulipwa (NFL), walimchukua 2010 kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya, raundi ya 6, namba 207, na hakucheza hata mechi moja ya msimu rasmi. Udaktari akaanza 2013, akahitimu 2017, kisha ubingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu katika hospitali ya Massachusetts General, Boston.

Kwa Marekani njia ni mbili: ubingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, miaka 7, au wa upasuaji wa mifupa, miaka 5 na mwaka 1 wa ziada wa mgongo. Zote zinaanza baada ya miaka 4 ya chuo cha udaktari.

Wengi wanakwamia chuoni kabla hata ya udaktari: maabara za kemia na fizikia zinagongana na mazoezi, wanahamia kozi nyepesi, baadaye mtihani wa MCAT, wa kuingia chuo cha udaktari, unawashinda. Rolle alikuwa na masomo yake mkononi kabla ya ligi.

Na kama kijana ana jeraha la shingo, liangaliwe sasa. Kazi yenyewe ni kuinama saa nyingi umevaa aproni nzito ya madini ya risasi ya kukinga mionzi ya eksirei.