Shika Moja, Geuza Moja: Nilivyoielewa Derivativu ya Sehemu

Mwaka wa pili chuoni nilifeli kalkulasi ya vigeu vingi. Nilirudi Lamu likizo na ile karatasi ya mtihani ndani ya begi, na ilinichukua siku tatu kupata moyo wa kuifungua, kwenye baraza ya kwetu Langoni, alasiri, kivuli kilipofika.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Tumepewa f(x, y) = x²y + y³, tutafute derivativu yake ya sehemu kwa x, yaani kasi ya f kubadilika x ikisogea huku y imeshikiliwa palepale. Nilikuwa nimeandika 2x. Jibu ni 2xy. Nikapitia ukurasa hadi ukurasa nikaona kwamba karibu kila kosa lililofuata lilizaliwa na hilo moja. Mwalimu aliposema “y tunaishikilia”, mimi nilielewa “y tunaifuta”.

Kama ndiyo kwanza unaanza somo hili, nakuomba ukae hapo mpaka likuingie, kabla hujakimbilia kanuni nyingine. Kigeu kilichoshikiliwa hakijaondoka. Kimekuwa namba kama namba nyingine, na kinafanya kazi yote ambayo namba hufanya. Chukua penseli uandike 7 kila mahali penye y. x²y inakuwa 7x², na y³ inakuwa 343. Hii sasa ni hesabu ya kidato cha nne: ya kwanza inatoa 7 × 2x, ya pili inatoa sifuri. Usizidishe ukapata 14x, maana ukizidisha 7 imepotea na hutajua pa kuirudisha y. Iache isimame ilivyo, kisha iondoe, weka y, na una 2xy mkononi.

Halafu jiulize kwa nini y moja ilibaki na nyingine ikaenda. Ile iliyozidishwa na x² inakuza kila badiliko la x; y ikiwa 7, x² ikiongezeka kidogo, jibu linaongezeka mara saba ya hicho kidogo. Ile y³ iliyosimama peke yake haiguswi x ikisogea, kwa hiyo haina cha kuchangia. Mimi nilirudia zoezi hili kwa fomula ishirini, moja baada ya nyingine, na sijutii hata dakika moja.

Lakini aliyenifungua macho hasa ni mjomba wangu, nahodha wa mashua. Alinikuta barazani nimekunja uso, akauliza kuna nini, nikamweleza kadiri nilivyoweza. Akasema hiyo ndiyo kazi yao kila wanapoiandaa mashua kwa mashindano. Wakiwa majini usukani unaachwa palepale, demani, ile kamba ya kuvutia tanga, inavutwa kama shubiri moja, mwendo unasikilizwa. Kisha demani inafungwa, na usukani ndio unaosogezwa.

“Shika moya, geuza moya,” akaniambia. “Ukigeuza zote mbili hutoyua ni ipi iliyokupa mbio.”

Nilimuuliza: usukani ukisogezwa, mashua inaongeza mwendo kiasi gani? Akanitazama kama niliyeuliza swali nusu. Inategemea demani umeifunga wapi, akasema. Hapo ndipo nilipoiona 2xy yangu. Demani iliyofungwa haisogei, lakini bado inavuta tanga, na faida ya kusogeza usukani inaibeba ndani yake. Ndiyo maana y lazima ionekane kwenye jibu.

Hata alama yenyewe, ∂, ipo kwa ajili ya jambo hilo. Mfaransa Adrien-Marie Legendre aliitumia kwa derivativu za sehemu mwaka 1786, kisha akaiacha, na Mjerumani Carl Jacobi akaifufua mwaka 1841. Kila ukiiona hiyo d iliyopinda, uliza kwa sauti: hapa nimeshikilia nini?

Kwenye mtihani, jikague hivi. Tafuta derivativu kwa x, halafu matokeo yake kwa y. Kisha anza upya kwa y, halafu x. Maadamu derivativu hizo za pili hazina mkatiko (haziruki ghafla) popote, majibu lazima yakutane. Kwa fomula yetu, 2xy kwa y ni 2x. Njia ya pili, x² + 3y² kwa x ni 2x. Kosa langu lingenaswa papo hapo, kwa sababu 2x kwa y ni sifuri.

Kinachowatatiza wengi baada ya hapo ni pale vigeu vyote vinaposogea kwa pamoja. Wanafunzi ninaowasaidia siku za likizo nawapeleka ufuo wa Shela maji yanapojaa. Kina cha maji mguuni pako, tukiite h, kinategemea mahali uliposimama, x, na saa, t. Ukisimama bila kusogea, tuseme maji yanapanda sentimita 1 kila dakika: hiyo ni ∂h/∂t. Sasa fikiria bahari imeganda kama kwenye picha, nawe unatembea kuelekea majini. Tuseme kila mita kina kinaongezeka sentimita 5. Hiyo ni ∂h/∂x. Ukitembea mita 2 kwa dakika huku maji yanajaa, unajumlisha: 1 + 5 × 2, sentimita 11 kila dakika. Karatasini ni dh/dt = ∂h/∂t + ∂h/∂x · dx/dt, na wanafunzi wengi huikariri bila kujua kila kipande kimetoka wapi.

Siku moja niliwauliza: afanye nini mtu anayetaka maji yasipande wala yasishuke mguuni pake? Msichana mmoja alichora hesabu mchangani kwa kidole: 1 − 5 × 0.2. Kisha akaingia mpaka maji yakamfika magotini, akageuka, akaanza kurudi nchi kavu polepole sana, sentimita 20 kwa dakika, sisi wengine tukitazama magoti yake.